Mwenye Maneno Yake

Mimi ni mwandishi wa mabango. Waandishi wa vitabu huandika wamekaa. Mimi huandika nimesimama juu ya ngazi, na nikikosea herufi moja mtaa mzima unajua kabla sijashuka. Nimeandika mabango ya maduka, ya shule tatu, ya kliniki ya meno, na "Usikojoe Hapa" nyingi kiasi kwamba nimeacha kuzihesabu. Mwandiko wangu ni mzuri, na sioni sababu ya kujifanya sijui. Watu huniita Brashi.

Sasa, mkono wa mwandishi wa mabango asubuhi huwa mgumu. Ukianza moja kwa moja kwenye kazi ya mteja, herufi ya kwanza itatetemeka, na herufi ya kwanza ndiyo kubwa. Kwa hiyo kila siku, kabla sijagusa kazi ya mtu, naandika sentensi moja kwenye ubao wa zamani nilioupigilia nje, kando ya mlango. Jioni naufuta kwa kuupaka rangi nyeupe, kesho naandika nyingine. Umeshapakwa mara nyingi hata umekuwa mnene kuliko mlango wenyewe. Mimi nauita ubao wa kulainishia mkono. Watu wa mtaani waliuita ubao wa Mwalimu, na huyo mwalimu walimaanisha mimi, na sikuwahi kuwasahihisha.

Ukweli ni kwamba sentensi hazikuwa zangu. Mkono wangu una akili, lakini kichwa changu kina hasira tu, na hasira haiandikiki ubaoni.

Chumba chetu cha kazi kimegawanywa kwa ukuta wa plaiwudi usiofika darini. Upande mmoja niko mimi na makopo yangu ya rangi. Upande wa pili yuko fundi wa makochi, tunamwita Kochi, rafiki yangu wa miaka ishirini na sita. Fundi wa makochi huweka misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja na kuigonga kwenye mbao, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku haongei. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuujaza mdomo misumari, Kochi alikuwa na neno moja. Hakumwambia mtu. Alilirusha tu juu ya plaiwudi, kisha nikasikia nyundo. Mimi nililidaka na kuliandika.

"Mtu akikwambia hapendi kusifiwa, msifie polepole." Hilo lilikuwa lake. "Tunawasamehe haraka wale tutakaowahitaji kesho." Lake pia. "Mtu anayesema hana neno, mtafutie kiti, maana atakaa sana." Siku nilipoandika, "Ukiazimwa ngazi na jirani, usimsimulie ulichokiona juu ya ukuta wake," mwenye duka la dawa alikuja amejishika kiuno akataka nimwambie nimeona nini. Sikuwa nimeona kitu. Lakini tangu siku ile akaanza kunisalimia kwa heshima sana.

"Kochi," nilimwambia siku moja, "wewe ni mwanafalsafa. Basi tu ulipotea njia ukaishia kwenye sponji." Alicheka kwa pua, kwa sababu ya misumari, na masikio yakamwiva. Nilipenda kumsifia. Simsifii mtu ovyo.

Mwaka huu mpiga chapa wa barabara ya juu alikuja na wazo. Alitaka kalenda ya kuwagawia wateja wake mwisho wa mwaka, kila mwezi na neno lake kutoka kwenye ubao wangu, na herufi nizichore mimi. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Nilichagua kumi na mawili, nikayachora vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora. Wiki mbili baadaye akaleta nakala moja ya mfano. Juu yake, kwa herufi nyekundu, kulikuwa na maandishi: MANENO YA FUNDI BRASHI.

Niape nisiape, mimi sikumwambia aandike hivyo. Wala sikumwambia asiandike. Nilitazama jina langu pale juu, nikaona limekaa vizuri, nikaitundika ukutani.

Kochi alizunguka plaiwudi na misumari yake mdomoni, akaja kuona. Alifungua ukurasa mmoja mmoja, Januari hadi Desemba, bila haraka. Alipofika Desemba akarudi kwenye lile jina juu, akalitazama kidogo, akairudisha kalenda kwenye msumari wake na kurudi kwake. Nilisubiri kusikia nyundo. Haikusikika mpaka saa nzima ilipopita.

Kesho yake asubuhi hakusema kitu. Aliingia na misumari tayari mdomoni, kana kwamba alitoka nayo nyumbani. Kesho kutwa yake vilevile. Siku ya nne aliitoa misumari, akaipanga kwenye kiganja, akasema kupitia ukutani, "Brashi, mwisho wa mwezi nahama. Nimepata chumba kule chini."

"Kule kwa wachomeleaji?"

"Hukohuko."

"Huko mtu hasikii hata mawazo yake mwenyewe."

"Ndiyo nataka," akasema, na misumari ikarudi mdomoni.

Damu ilinichemka. Nilimwambia ahame leo, kwa nini asubiri mwisho wa mwezi, na achukue na vumbi lake la sponji ambalo limeniharibia rangi miaka yote hiyo. Hakujibu. Mtu asiyejibu ni mbaya sana kwa mtu kama mimi, kwa sababu unabaki na maneno yako mwenyewe, unayasikia vizuri. Niliyasikia. Nikakaa kwenye kopo la rangi, nikaogopa. Nina watoto wakubwa, nina mke, nina wateja, lakini rafiki ninaye mmoja tu. Wengine wote nilishagombana nao.

Nikaamua kwamba angalau ubao hautalala. Mimi nimeandika mabango ya nusu ya mji, nitashindwa na sentensi? Siku ya kwanza niliandika, "Maisha ni rangi, ikikauka imekauka." Siku ya pili, "Rafiki mwema ni mwema." Siku ya tatu nilikaa na brashi mpaka rangi ikaanza kuganda, nikaandika, "Maji ni muhimu."

Mwenye duka la dawa alisimama mbele ya ubao na mikono nyuma. "Mwalimu," akasema kwa upole, "unaumwa? Nina dawa."

Nilimwambia aende zake. Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote, nikitegemea angenipa haki. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa.

"Umechukua maneno ya mtu," akasema.

"Sikuchukua. Niliyapa mwandiko. Bila mimi yangepotelea kwenye sponji."

"Na jina uliloliweka juu ni la nani?"

"Mpiga chapa ndiye—"

"Umelikoroga mwenyewe," akasema. "Sasa utalinywa mwenyewe, usiniletee mimi kikombe. Nenda kamwombe radhi, na uvae shati safi."

Sijui kuomba radhi. Sijifichi katika hilo. Kuna watu hawajui kuogelea na mimi sijui kuomba radhi. Lakini kuandika najua. Nilikwenda kwa mpiga chapa nikamkuta ameshachapa zote mia mbili, zimepangwa mezani na harufu ya wino bado mbichi. Nikamwambia jina la juu limekosewa. Akasema haiwezekani kuchapa upya. Nikamwambia, basi nipe zote, nitazirekebisha kwa mkono. Alinitazama kama mtu aliyesikia jirani anataka kufagia barabara kuu, lakini akanipa.

Siku nne sikufanya kazi ya mteja. Nilizipaka kalenda mia mbili rangi nyeupe juu ya jina langu, moja baada ya nyingine, na zilipokauka nikaandika kwa brashi nyembamba: MANENO YA FUNDI KOCHI. Ya kwanza iliniuma. Kufika ya hamsini niligundua herufi za jina lake ni nzuri kuzichora kuliko zangu. Ya mia mbili niliimaliza Jumamosi, na vidole vimekakamaa kabisa. Upande wa pili wa plaiwudi Kochi alikuwa anapakia vipande vyake vya kitambaa kwenye magunia, na hakuuliza ninafanya nini.

Jumapili mchana nikavaa shati safi nikaenda kwake.

Nimekwenda nyumba ile mara nyingi. Ina sebule ndogo, na humo kuna kochi bovu kuliko makochi yote niliyowahi kuona, limetoboka upande wa dirisha, na wote tunajua kwamba fundi hana muda wa kwake. Shemeji yangu, mke wa Kochi, anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, shuka juu ya shuka siku sita kwa wiki, na siku ya saba anakunja nguo za nyumbani kwa sababu mikono yake haijui kupumzika. Siku zote nilimhesabu kuwa mwanamke mkimya. Inawezekana sababu ni kwamba nikiwepo mimi hakuna mwingine anayepata nafasi.

"Hodi."

"Karibu, shemeji. Usikae upande wa dirisha."

Nikakaa upande mwingine. Kochi alikuwa kwenye kiti cha mbao, hana misumari lakini mdomo umefungwa vilevile. Shemeji alikuwa chini kwenye mkeka na rundo la nguo. Nilikuwa nimetayarisha hotuba njia nzima, na ikaniishia palepale mlangoni.

"Kochi, ndugu yangu," nikasema, "nimekukosea. Maneno yale ni yako, na mimi nimeyavaa kwa miaka ishirini na sita kama shati langu. Usihame. Nikilazimika nitakuandikia hilo kwenye ubao, mtaa mzima usome." Nikatoa kalenda kwenye mfuko. "Zote mia mbili nimeandika jina lako. Kwa mkono."

Kochi hakufurahi. Alisimama haraka, kwa mtu wa umri wake, akanyoosha mkono. "Lete nikaiweke ndani," akasema.

"Kuhama?" akauliza shemeji. "Nani anahama?" Na kabla hajajibiwa alikuwa ameshaichukua kalenda, kwa sababu yeye alikuwa karibu nami.

Alisoma jina la juu, akatabasamu kama mke anayeona jina la mumewe limeandikwa vizuri. Akafungua Januari. Tabasamu likabaki mahali pake lakini macho yakaacha kutabasamu. Akafungua Februari. Akaiweka chini nguo aliyokuwa nayo mapajani.

"'Ukiazimwa ngazi na jirani,'" akasoma kwa sauti. Akamtazama mumewe. "Hili nililisema mimi, siku ile ya mama wa nyumba ya pili."

Kochi akakaa.

"Na hili la kusifiwa nililisema juu ya dada yako, baada ya harusi." Akafungua tena. "Hili la kusamehe ni la msimamizi wetu kazini. Na hili hapa: 'Kwenye beseni shuka zote hulaumiana.' Baba watoto, wewe ulishafua shuka lini?"

Hapo ndipo mimi nilipoelewa, na nilielewa kwa kuchelewa sana. Miaka ishirini na sita nimeandika habari za sabuni, shuka, beseni, maji ya moto na wagonjwa wanaosahau wageni wao wakipona, na hata siku moja sikujiuliza fundi wa makochi ameyatoa wapi. Nikapandwa na hasira, kwa kuwa hiyo huja kwangu kwanza.

"Mimi nakuita mwanafalsafa," nikamwambia, "mbele za watu nakusifia, kumbe kila asubuhi unakuja na mzigo wa mwenzio."

"Na wewe uliokuwa unauandika ulikuwa wa nani?" akasema Kochi.

Nikalitazama shati langu safi.

"Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita mwenye akili," akasema tena, chinichini. "Ningekwambia nini? Siku ya kwanza ulicheka, ukaliandika. Siku ya pili ukanisubiri. Baadaye ikawa imeshakuwa. Nilipoona kalenda nikajua kwisha, kalenda inaingia kila nyumba, na kwetu itaingia. Nikasema bora nikakae mahali pasipo na ubao wala mtu wa kunisubiri."

"Kwa hiyo hukukasirika kwa sababu ya jina langu?"

"Jina lako?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Jina lako lilinifaa sana. Sasa ndiyo umeniangamiza, mara mia mbili."

Ningecheka, lakini shemeji hakuwa anacheka. Alikuwa amefika Desemba na bado ameishika kalenda, na uso wake sikuweza kuusoma, mimi ambaye kazi yangu ni kusomeka.

"Mimi nilidhani hunisikii," akamwambia mumewe. "Narudi kazini naongea, wewe unakula. Naongea, unazima redio, unawasha redio. Nauliza, unasema 'mm.' Nilishamwambia marehemu mama kwamba nimeolewa na mlango. Miaka yote hii nilijua naongea na beseni langu, nikazoea." Akaishusha kalenda mapajani. "Iliniuma, ujue. Nilizoea, lakini iliniuma."

"Nilikuwa nasikia," akasema Kochi. "Kila siku. Asubuhi nikitoka hapa nalirudia njia nzima nisilipoteze. Ndiyo maana watu wa njiani wanasema sisalimii."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alifikiri sana. Kochi hajazoea kujibu kwa maneno yake mwenyewe. "Ungejua nasikiliza," akasema mwishowe, "ungeanza kuchagua maneno."

Shemeji aliinamisha kichwa akaitazama kalenda muda mrefu. Mimi, kwa kuwa siwezi kuona kimya bila kukichokoza, nikasema, "Shemeji, hakuna tatizo. Nipe siku nne. Nitazifuta zote na kuandika jina lako. Haki ni haki."

"Usithubutu," akasema. Na sasa ndiyo nikamsikia yule aliyekuwa akizungumza upande wa pili wa ukuta wangu miaka yote, bila Kochi katikati. "Mawifi zangu wawili wamo humu. Jirani zangu wote wamo humu. Msimamizi wangu yumo mara mbili. Maneno ya kweli yanataka jina la mtu ambaye hana wa kumpoteza. Andika lako, shemeji. Wewe watu wameshakata tamaa nawe."

"Mia mbili?"

"Ulijua kuzifuta, utajua kuzirudisha. Na huyu hahami." Hakumtazama mumewe aliposema hivyo. "Kama ni kuhama, ahame kwenye hiyo 'mm' yake."

"Sihami," akasema Kochi.

Nilikuwa tayari kuaga, nimefika nilipotaka, lakini shemeji aliuliza swali moja zaidi, akikunja shati polepole kama mtu asiyetaka kuonekana anasubiri jibu.

"Yote ulimpelekea? Kila nililosema?"

"Moja sikumpelekea," akasema Kochi.

"Lipi?"

Aliangalia mikono yake. "Nilipofukuzwa kiwanda cha samani. Nilikaa hapa mwezi mzima nimegeukia ukuta, unakumbuka. Wewe ulikuwa unatoka zamu, umechoka, hukuvua hata viatu. Ukasema, 'Kazi wameichukua, mikono umerudi nayo.' Halafu ukaenda kupika." Akavigeuza viganja. "Kesho yake nikatoka kutafuta chumba."

Chumba hicho ni nusu ya changu. Mimi nilikuwa nimetundika bango la "Nusu Chumba Inapangishwa", nimelipamba kwa kivuli cha bluu, na kwa miaka ishirini na sita nimewasimulia watu kwamba fundi Kochi aliletwa kwangu na uzuri wa mwandiko wangu.

"Hilo halikuwa la kuchekesha," akasema shemeji.

"Ndiyo maana nililiweka," akasema mumewe.

Shemeji aliliacha lile shati bila kulimaliza. Macho yalikuwa yamejaa, na yangu pia, sioni aibu kulisema. Nilitaka kusema kitu cha kufaa. Mtu wa miaka hamsini na minane, na mdomo wote huu, sikupata hata neno moja la kwangu, nikachukua kofia nikawaachia sebule yao.